Pinyo ikivunjika Butembo, mchoro wake usingojewe Dubai

Wakati wa mavuno, kahawa haingojei mtu. Matunda mekundu yanayochumwa asubuhi kwenye milima ya Lubero, Kalehe ama kisiwani Idjwi yanapaswa kumenywa haraka, kama inawezekana siku ileile. Yakilala ndani ya mfuko yanaanza kuchacha, na kahawa iliyochacha inauzwa kwa bei ya kutupa. Kwa hiyo mashini ndogo ya kumenya kahawa, iwe ya kuzungusha kwa mkono ama kwa moteri, inabeba mapato ya jamaa nyingi. Ndani ya mashini hiyo kuna kitu kidogo kinachoweza kusimamisha yote: gurudumu la chuma lenye meno, lile mafundi wanaloita pinyo.

Jino moja likikatika, mambo yanafuata njia inayojulikana. Mwenye mashini anaulizia kipuri sokoni na kujibiwa kwamba aina hiyo haipo tena. Anakwenda kwa fundi wa kusude, ambaye anajaza jino kwa moto na kulisawazisha kwa tupa. Linashika siku chache, halafu linakatika na kuvunja lingine la pembeni yake. Mwishoni mtu anatuma picha kwa WhatsApp kwa mfanyabiashara aliye Dubai ama Guangzhou. Kipuri kinafika kupitia Mombasa, Kampala na mpaka wa Kasindi, mavuno yakiwa yamekwisha. Na mara nyingi hakiingii, kwa sababu picha haikusema kipimo hata kimoja.

Mashariki ya Congo haikosi mafundi. Kutoka Bunia mpaka Lubumbashi kuna watu wanaofufua moteri ambazo waliozitengeneza walishazisahau. Kinachokosekana ni mchoro: karatasi ama faili yenye vipimo kamili, ambayo fundi yeyote wa mji wowote anaweza kuifuata na kutoa kipuri kilekile. Programu za kuchora kwa kompyuta, zile walimu wanazoita CAO, zinafanya kazi hiyo, na mojawapo haiombi hata franga moja. Shule za ufundi zinazoendelea kuiacha pembeni zinawakosea wanafunzi wao, na zinawakosea pia wakulima wanaongojea mashini zao.

Jicho halitoshi

Goma inajivunia chukudu, na ni haki yake. Mji huo ulikijengea hata sanamu. Anayetengeneza chukudu hahitaji mchoro. Anaona ubao, anakadiria kwa jicho, anachonga. Mbao inasamehe: gurudumu likipita kipimo kwa milimita tatu, chukudu kitashuka mlima vilevile.

Pinyo haisamehe namna hiyo. Kazi yake ni kupokea nguvu jino kwa jino, mara mia kadhaa kila dakika, na kosa dogo kuliko unene wa ukucha linarudi mara mia kadhaa kila dakika pia. Ndiyo maana pinyo iliyochongwa kwa jicho inalia, inapata moto, na inakula ile nzuri iliyowekwa nayo. Mwenye mashini alikuwa na kipuri kimoja kibovu. Sasa anavyo viwili.

Lakini hesabu yake si ya uchawi. Chukua pinyo yenye meno 18, ambayo upana wake kutoka ncha ya jino hadi ncha ya jino la upande wa pili ni milimita 80. Upana huo unagawanywa kwa idadi ya meno ukiongeza mbili: 80 kwa 20 ni 4. Hiyo 4 inaitwa moduli, na ni kama jina la ukoo la pinyo. Pinyo mbili zisizo na moduli moja haziwezi kufanya kazi pamoja, hata zikifanana namna gani.

Kutoka hapo vipimo vingine vinajitokeza vyenyewe. Duara ambamo pinyo inakutana na mwenzake lina diyametri ya 4 mara 18, yaani milimita 72. Kimo cha jino ni 4 mara 2,25, yaani milimita 9. Kama gurudumu kubwa la upande wa pili lina meno 54, duara lake la kukutana ni milimita 216. Umbali kati ya mihimili miwili ni nusu ya jumla ya 72 na 216, yaani milimita 144. Fundi anapima umbali huo kwenye mashini yenyewe. Akipata 144, hesabu ni ya kweli. Akipata kingine, kuna jambo halijaeleweka, na chuma kisikatwe kwanza.

Hata pinyo iliyochakaa inasema ukweli kwa anayejua kuiuliza. Meno yakilika, upana unaweza kushuka mpaka milimita 79,3, na hesabu ikatoa 3,965. Moduli kama hiyo haiko kwenye orodha ya shirika la kimataifa la viwango, ISO. Zinazotumika sana ni 1; 1,25; 1,5; 2; 2,5; 3; 4; 5; 6; 8 na 10. Jibu basi ni 4, na mchoro unarudisha kile ambacho miaka ya kazi ilikula. Picha ya WhatsApp haiwezi kufanya hivyo. Inaonyesha pinyo jinsi ilivyo leo, pamoja na ugonjwa wake.

Mtego wa inchi

Kuna mtego mmoja ambao umeharibia watu makuta mengi. Mashini nyingi za zamani kutoka Uingereza na Marekani hazikuhesabiwa kwa milimita. Pinyo zao zinahesabiwa kwa idadi ya meno katika kila inchi ya diyametri. Ile ya meno 18 yenye hesabu ya 10 ina upana wa milimita 50,8. Ile ya moduli 2,5 yenye meno 18 ina milimita 50. Mkononi ni kama mapacha, na muuza vipuri ataapa kwamba ni kitu kimoja. Zikiwekwa pamoja, kila jino linapishana na mwenzake kwa karibu milimita 0,13. Jino la kwanza linaingia, la pili linasugua, la tatu linagonga.

Kosa hilo halionekani kwa jicho, na kwa tupa halirekebishiki. Kwenye kompyuta linaonekana kabla senti moja haijatumika: pinyo mbili zinachorwa, zinawekwa kwenye umbali wa mihimili uliopimwa, na meno yanayoingiliana vibaya yanajionyesha kwenye kioo.

Uzi na kopo

Jambo la pili ambalo shule lazima zifundishe ni umbo la jino. Wengi wanaoanza kuchora wanaweka pembetatu iliyokatwa ncha, ama upinde wowote unaopendeza. Jino la kweli lina mstari wake. Zungusha uzi kwenye kopo la nyanya, funga kalamu kwenye ncha ya uzi, halafu ufungue uzi huku umeukaza. Mstari ambao kalamu inachora ndio ubavu wa jino. Walimu wanauita developanti, na ni mtaalamu wa hesabu kutoka Uswisi, Leonhard Euler, aliyependekeza katika karne ya 18 kwamba meno yachongwe hivyo. Faida yake ni kubwa: meno yenye ubavu huo yanasukumana kwa mwendo uleule tangu yanapogusana hadi yanapoachana, hata kama mihimili imesogeleana ama kuachana kidogo. Kwenye mashini zinazofungwa juu ya mbao, kando ya mto, huo si ubora mdogo.

Pembe ya msukumo nayo ina kipimo chake. Siku hizi ni digrii 20. Mashini nyingi za zamani zina 14,5. Idadi ya meno ina mpaka vilevile. Kwa digrii 20, pinyo yenye meno chini ya 17 inaanza kukatwa mizizi yake yenyewe wakati wa kuchongwa, na jino linabaki na kiuno chembamba. Anayetaka pinyo ndogo ya meno 10 ili mashini iende polepole atapata polepole yake, lakini jino litakatika pale kwenye kiuno, isipokuwa mchoro umerekebishwa.

Hapa kuna onyo pia kwa wale wanaojua kompyuta tayari. Programu kadhaa zina maktaba ya vipuri: unabonyeza, pinyo inatokea, nzuri kama ya kitabu. Baadhi ya pinyo hizo zimewekwa kwa ajili ya kuonekana tu, ili mchoro wa mashini nzima ukamilike, na ubavu wa meno yao si wa kweli. Kijana anayeichukua na kuipeleka kwa fundi akate chuma ameuza picha. Mwanafunzi aliyefundishwa uzi na kopo atajua kuuliza kwanza. Aliyefundishwa kubonyeza tu hatajua.

Programu ipo, na ni ya bure

Kisingizio cha bei kimekufa. Ni kweli kwamba programu kubwa za viwanda zinauzwa kwa maelfu ya dola, na nakala za wizi zinazozunguka kwenye funguo za USB zinaleta virusi pamoja nazo. Lakini FreeCAD ni ya bure kwa sheria, si kwa wizi. Ilianza kutolewa mwaka 2002, na toleo lake la 1.0 lilitoka mwezi wa kumi na moja 2024. Inafanya kazi kwenye Windows na kwenye Linux, inasoma Kifaransa, na ikishawekwa kwenye kompyuta haiombi intaneti. Mtu mmoja anaweza kuipakua mjini na kuigawa shule nzima kwa funguo moja ya USB.

Ndani yake kuna chombo cha kuchora pinyo yenye developanti ya kweli. Kinauliza idadi ya meno, moduli na pembe. Mchoraji anaongeza unene na tundu la katikati. Akigundua kwamba meno ni 19 na si 18, anabadilisha nambari moja na mchoro mzima unajirekebisha. Kwenye karatasi angeanza upya. Kwa upande wa bolti, nati na rondela, kuna kijalizo kinachotoa zile za viwango vya kimataifa kwa jina lake tu.

Vitu hivyo vidogo visidharauliwe. Bolti ya M10 ya kawaida inasonga milimita 1,5 kwa kila mzunguko, lakini kuna M10 nyingine inayosonga 1,25. Ukilazimisha moja ndani ya nati ya nyingine, uzi wa chuma unakufa. Bolti ya M10 ya kiwango cha zamani cha Ujerumani inafunguliwa kwa ufunguo wa 17, ile ya ISO kwa ufunguo wa 16. Tundu la kutengenezea uzi wa M8 linatobolewa kwa 6,8. Mhimili wa milimita 25 unahitaji klaveti yenye upana wa 8. Fundi akikata mfereji wa 10 kwa sababu ndicho chuma alichokuwa nacho, amepunguza nguvu ya mhimili mahali pabaya zaidi. Mchoro mzuri unaandika yote hayo. Unaandika pia aina ya chuma, maana pinyo iliyochorwa sawasawa na kukatwa kwenye chuma laini cha kujengea nyumba itamaliza meno yake haraka.

Wenye kupinga wana hoja

Wa kwanza wanasema: kompyuta bila mashini za kisasa za kukata chuma inasaidia nini? Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau vitu vitatu. Mchoro unaweza kuchapwa kwenye karatasi kwa ukubwa wake kamili, ukabandikwa juu ya chuma, na fundi akafuata mstari wa kweli badala ya kukisia. Mchoro unaweza pia kuwa msingi wa mfano wa mbao kwa wale wanaomimina. Kwenye miji mingi wapo wanaoyeyusha aluminiyamu na kumimina sufuria ndani ya udongo. Wanajua kwamba chuma kikipoa kinapungua. Aluminiyamu inapungua kwa zaidi ya asilimia 1, na kompyuta inakuza mfano kwa kiasi hicho kwa kubonyeza mara moja. Tena, ateliye yenye mashini nzuri ya kukata meno ikiwa Lubumbashi, faili inafika kwa dakika moja. Pinyo iliyovunjika yenyewe ingesafiri wiki nzima.

Wa pili wanasema kwamba kipuri cha China ni rahisi kuliko kile cha kutengeneza hapa. Kwa moto, ni kweli. Meno ya mnyororo wa TVS ama Boxer yanapatikana kila kona, na hakuna sababu ya mtu kujisumbua kuyachonga. Swali linahusu mashini ambazo soko limezisahau: ya kumenya kahawa, ya kukamua miwa, betoniere ya zamani, mashini ya kukereza iliyoachwa na kampuni iliyofungwa. Na hata anayeagiza kutoka Guangzhou anashinda akituma mchoro. Muuzaji wa kule hasomi Kiswahili wala Kifaransa, lakini moduli 4, meno 18, digrii 20 anazisoma.

Wa tatu wanataja vita na umeme. Umeme unakatika, hakuna atakayebisha. Lakini kuchora pinyo moja kunachukua saa chache za kompyuta ndogo, kazi ambayo hata betri ya sola inaiweza. Vita navyo vinaunga mkono hoja hii zaidi ya kuipinga. Uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa mwezi wa kwanza 2025, mji ulipochukuliwa na M23, kila aliyetegemea kipuri cha kuletwa kwa ndege alijua thamani ya kitu kinachoweza kutengenezwa kwenye kartiye yake. Barabara zinafungwa, vizuizi vinaongezeka, kila kizuizi kinadai chake. Faili hailipi ushuru kwenye kizuizi.

Katanga iliwahi kufanya hivi

Hakuna aibu ya kuanza, kwa sababu nchi hii si mgeni wa kazi hiyo. Gécamines ilikuwa na ateliye zake kuu za Panda, mjini Likasi, zenye kiwanda cha kuyeyusha na kumimina chuma, na vipuri vya migodi vilitengenezwa hapo. Kazi kama hiyo haiendi bila ofisi ya michoro. Kampuni ilipoanguka miaka ya 1990, mashini zilibaki kuzeeka, na wazee waliojua kusoma michoro walikwenda mmoja mmoja kwenye pensheni isiyolipwa. Hasara ya mashini inaonekana. Hasara ya michoro na ya vichwa vilivyoisoma haikuandikwa kwenye hesabu yoyote.

Karibu zaidi, mhandisi Thérèse Izay Kirongozi aliweka roboti za kuongoza magari kwenye barabara za Kinshasa mwaka 2013. Wanaosema kwamba Mkongomani hawezi kubuni mashini wanapaswa kwanza kusimama kwenye taa nyekundu ya roboti hizo.

Nini kifanyike

Mapendekezo hayahitaji mkutano wa Kinshasa wala mfadhili. Wanafunzi wa mekanike tayari wanapita mbele ya jury pratique kabla ya mtihani wa serikali. Kila mmoja aje na kipuri kimoja cha kweli kilichovunjika, kutoka mashini ya mtaa wake, pamoja na mchoro wake wa kompyuta, vipimo vyake na hesabu ya moduli. Jury ipime umbali wa mihimili na kuona kama pinyo inaingia. Zoezi hilo halidanganyiki: inaingia ama haiingii.

INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi tangu 1964, ifungue mafunzo mafupi kwa mafundi watu wazima wa kusude na wa kukereza. Wengi wao wana mikono kuliko mwalimu yeyote, na wanachokosa ni wiki chache za kuelewa nambari. Wasiulizwe diploma; waulizwe pinyo gani iliwashinda.

Wenye ateliye, kwa upande wao, waache kuficha. Kila mji unaweza kuweka daftari la pamoja la faili: mashini gani, kipuri gani, meno mangapi, chuma gani. Fundi anayeogopa kwamba mwenzake atamwibia mchoro afikirie mara ngapi yeye mwenyewe alirudisha mteja kwa kukosa mchoro. Mteja aliyerudishwa anakwenda kwa mfanyabiashara wa Dubai, si kwa fundi wa jirani.

Wazazi nao wana neno la kusema. Kwenye mikutano ya mwanzo wa mwaka wanauliza bei ya masomo na rangi ya uniforme. Wale wenye watoto katika mekanike wangeuliza swali moja zaidi: mtoto akimaliza hapa, ataweza kuchora pinyo inayoingia? Shule isiyo na jibu ijue kwamba deni ni lake. Kahawa ya mwaka ujao tayari iko kwenye maua.